Binti yangu anapanga vifuniko kutwa nzima: je, ni usonji?

*"Binti yangu ana miaka mitatu na miezi kumi. Anaongea, tena sana, ila maneno yake mengi ni ya katuni: hukariri sentensi nzima nzima, hata sauti anaiga. Anaweza kukaa saa nzima akipanga vifuniko vya chupa kwa mstari. Nikisogeza kimoja, ni kilio. Tukibadilisha njia ya kwenda chekechea anagaragara chini. Kelele zikizidi huziba masikio. Akitaka maji hunishika mkono na kunivuta hadi yalipo. Mara nyingi nikimwita haitiki. Mwalimu wake amesema huenda ni usonji, nimpeleke akapimwe. Mama mkwe anasema baba yake alikuwa hivyo hivyo utotoni na leo ni mhasibu, mtoto atakua tu. Mume wangu hataki hata kulisikia neno lenyewe. Lakini mtoto ananikumbatia, ananitazama machoni, anacheka. Mwenye usonji si hafanyi hayo? Au ni kwa sababu nilirudi kazini mapema nikamwachia runinga?"*

Mama, naanza na swali lako la mwisho, maana nahisi ndilo linalokunyima usingizi. Hapana. Kurudi kazini hakumpi mtoto usonji (kwa Kiingereza autism, tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na tabia), na runinga haimpi mtoto usonji.

Lawama hii unayojibebesha ni ya zamani kuliko wewe na mimi. Mwaka 1943 daktari mmoja nchini Marekani, Leo Kanner, aliandika habari za watoto 11 aliowaona wakiwa na tabia zilizofanana, na humo akagusia kwamba wazazi wao walionekana wakavu wa mapenzi. Maneno hayo machache yakaota mizizi. Kwa miaka mingi akina mama waliambiwa kwamba baridi ya mioyo yao ndiyo iliyomfungia mtoto ndani ya nafsi yake. Aliyesaidia sana kuivunja dhana hiyo ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji. Mwaka 1964 alichapisha hoja ndefu kwamba chanzo kiko katika ukuaji wa ubongo. Kisha mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wakatoa uchunguzi wa jozi 21 za mapacha. Kwa mapacha wanaofanana kabisa, jozi 4 kati ya 11 wote wawili walikuwa na usonji. Kwa wasiofanana, hakuna hata jozi moja kati ya 10. Tafiti kubwa zaidi zilizofuata zimeukazia mwelekeo huo huo: urithi una mkono mkubwa.

Kwa hiyo mama mkwe wako amesema jambo zito kuliko alivyokusudia. "Baba yake alikuwa hivyo hivyo" haimaanishi kwamba hakuna kitu. Ukiniuliza mimi, hiyo ni sababu nyingine ya kwenda kuonana na mtaalamu, na tutairudia.

Kuhusu runinga, ipo hoja ya kweli ndani yake, lakini ni nyingine. Mtoto hujifunza lugha kwa kupokezana na mtu: nasema, unajibu, nangoja. Runinga haingoji. Kwa hiyo saa nyingi mbele yake ni saa zilizokosa mazungumzo, na kuzipunguza ni jambo jema kwa mtoto yeyote. Tena huenda mkondo unatiririka kinyume na unavyodhani: mtoto anayependa vitu visivyobadilika atavutwa na katuni inayosema maneno yale yale kila siku, kuliko binadamu asiyetabirika. Na kwa kuwa hatakosekana mtu wa kukuletea habari za chanjo: makala ya mwaka 1998 iliyozua hofu kwamba chanjo huleta usonji ilihusu watoto 12 tu, na jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Huko Denmark watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 650,000, wakatoa matokeo mwaka 2019: chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela haikuongeza usonji. Tusipoteze muda zaidi hapo.

Sasa kumbatio na macho. Usonji si upungufu wa upendo. Watoto wengi wenye usonji hukumbatia, hucheka, hulilia wazazi wao, na hutazama machoni vizuri tu wakiwa na mtu wanayemzoea. Ninachotafuta ninapomwangalia mtoto ni kitu chembamba zaidi, na nitakueleza taratibu kwa sababu ndicho kiini cha jambo hili.

Mtoto mchanga hukutazama wewe, au hutazama kitu. Karibu na mwaka wa kwanza, kwa wengi kabla ya miezi 15 hivi, huanza kuviunganisha. Ndege inapita angani; mtoto anaionesha kwa kidole, kisha anageuka kukutazama usoni. Hataki umpe ndege. Anataka muione pamoja, na anahakiki kwamba umeiona. Hapo pana pembe tatu: yeye, wewe na kitu. Wewe unasema "ndege!" na neno linanata juu ya kile mnachokitazama wote wawili. Maelfu ya maneno, na pia kusoma hisia za watu, hupita katika mlango huo. Kwa mtoto mwenye usonji mlango huo kwa kawaida huchelewa kufunguka, au hufunguka kidogo, au hufunguka kwa namna yake. Anaweza kukuonesha anachokitaka lakini asikuoneshe kinachomfurahisha.

Ndiyo maana "anaongea sana" hakunitulizi, na "anapanga vifuniko" hakunitishi. Tabia peke yake ni bubu. Ningekaa nyumbani kwako siku moja, ningetaka kujua anaifanya kwa ajili gani, na wewe una nafasi gani ndani yake.

Chukua vifuniko. Watoto wengi wa umri huu hupanga vitu kwa mstari. Wanajifunza utaratibu, na mstari unapendeza. Swali langu ni je, mstari ule huweza kugeuka kuwa treni? Akimaliza, huinua macho akutafute uone? Ukiongeza kifuniko kimoja mwishoni, anakubali kwamba sasa mnacheza wawili, au unakuwa mharibifu? Ukinijibu kwamba kila siku ni mstari ule ule, hauwi kitu kingine, na hakuna anayeruhusiwa kuingia, hapo nitaandika jambo kwenye daftari langu.

Au mkono wake unaokuvuta kwenye maji. Watoto wote hutuvuta. Lakini angalia: akikuvuta, je, anakutazama usoni, anasema neno, ananyosha kidole? Au anauchukua mkono wako kama mtu achukuavyo kata, chombo cha kufikia mtungi? Kwa mtoto wa karibu miaka minne mwenye maneno mengi, ningetegemea aseme "nataka maji". Hili la kuvuta, nikiliweka pamoja na katuni, ndilo lililonifanya nisome barua yako mara ya pili.

Tufike kwenye hizo katuni. Watu husema mtoto amekuwa kasuku, wanacheka au wanamkataza. Kurudia maneno ni hatua ya kawaida ya kujifunza kusema; kila mtoto huipitia, na kwa wengi hupungua sana wanapokaribia miaka mitatu, sentensi zao wenyewe zinapochukua nafasi. Kwa mtoto anayekaribia minne, nusu ya usemi ukiwa bado ni wa kuazima, ni jambo la kuchunguzwa. Lakini kuchunguza si kuziba. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa lugha wameonesha kwamba marudio haya mara nyingi yana kazi: mtoto anaomba, anakubali, anakataa, au anajituliza kwa sentensi aliyoiokota akiwa na hisia fulani. Tuseme katika katuni yake yupo mnyama anayepiga kelele "Tukimbie, mvua inakuja!" naye huisema kila mashine ya kusagia inapowashwa. Hazungumzii mvua. Anakwambia anaogopa. Msaada si kumwambia "acha kukariri", ni kumpa sentensi fupi ya kuazima inayofaa zaidi: "Naogopa kelele." Iseme wewe kwa niaba yake, kwa nafsi yake, kila mara kwa sauti ile ile. Ipo siku ataichukua.

Kugaragara njia inapobadilika nako kuna sura mbili, na Kiswahili kinatusaidia kuzitenganisha: kuna kudeka na kuna kuzidiwa. Anayedeka hulia huku akichungulia kama unamwona, na akipata alichotaka machozi hukauka. Aliyezidiwa hana habari na watazamaji. Hata ukirudi kwenye njia ile ile, kilio kinaendelea mpaka mwili wenyewe ushuke. Kwa mtoto ambaye kelele humwingia kwa nguvu na watu ni vigumu kuwatabiri, njia ya kwenda chekechea ni moja ya vitu vichache anavyoweza kuvitegemea. Ukiibadilisha bila kumwambia umeondoa nguzo. Hiyo haihitaji fimbo. Inahitaji taarifa mapema, ikiwezekana kwa picha: leo tutapita hapa, kisha hapa, kisha tutafika.

Halafu kuna jambo ambalo ulilipitia haraka: "Mara nyingi nikimwita haitiki." Kabla ya mtu yeyote kutamka neno usonji, binti yako apimwe masikio. Nasema hivi nikijua utaniambia anasikia, kwani katuni inamfikia akiwa chumba cha pili. Usikivu hauko hivyo. Mtoto anaweza kuwa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, leo anasikia vizuri, wiki ijayo anasikia kama mtu aliyezama ndani ya maji. Anaweza kuzisikia sauti nzito akazikosa zile nyembamba zinazotofautisha "pa" na "ta". Kuziba masikio kwa kelele nako si ushahidi kwamba hayana tatizo. Hata kati ya wale watoto 11 wa Kanner, wapo waliodhaniwa viziwi mwanzoni. Makosa hutokea pande zote mbili, na kipimo chenyewe hakiumi.

Yapo pia mengine yanayofanana na haya kwa mbali. Mtoto mwenye tatizo la lugha peke yake, ambaye haelewi anachoambiwa, naye hujitenga na wenzake na hushika maneno ya kukariri. Mwenye wasiwasi mwingi hung'ang'ania ratiba. Asiyeweza kutuliza umakini wake haitiki anapoitwa. Na mambo haya huweza kukaa pamoja ndani ya mtoto mmoja, ndiyo maana sikutegemei wewe, wala mwalimu, wala mimi kwa barua, tufike kwenye jibu.

Mwalimu huyo, hata hivyo, anastahili shukrani. Tena umenitajia binti. Katika takwimu za Marekani, wavulana wanaotambuliwa na usonji ni zaidi ya mara tatu ya wasichana, na sehemu ya tofauti hiyo inatokana na sisi kutowaona wasichana. Wengi wao huiga: humtazama mwenzao anavyocheza na mwanasesere, wakafanya vivyo hivyo, mtu akipita anaona msichana mtulivu. Mwalimu aliyeona tofauti hakuona kwa jicho la chuki.

Uchunguzi wenyewe ukoje? Hakuna kipimo cha damu cha usonji, wala picha ya ubongo inayouonesha. Mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili na ukuaji, unaotumika katika nchi nyingi, toleo la mwaka 2013 lililohuishwa mwaka 2022, unadai mambo yaonekane katika pande mbili kwa pamoja: mawasiliano na mahusiano upande mmoja, na upande wa pili tabia za kujirudia, kung'ang'ania utaratibu, au hisi zilizo kali au hafifu kupita kawaida. Yawe yalianza mapema, na yawe yanamtatiza mtoto maishani. Kwa hiyo daktari wa watoto anayejua ukuaji, mwanasaikolojia au mtaalamu wa usemi na lugha atakuhoji kwa kirefu tangu mimba, atacheza na mtoto kwa michezo iliyopangwa, na atataka maneno ya mwalimu. Anayekwambia "huyu ana usonji" au "huyu hana kitu" baada ya dakika kumi, mshukuru utafute mwingine. Anayeuza kipimo cha nywele, kimbia. Na lile dodoso maarufu la intaneti ambalo wazazi wengi hulijaza usiku wa manane lilitengenezwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Kwa binti yako ni kama nguo ya mwaka juzi.

Je, usubiri kwanza? Nikupe mizani yangu bila kupunja upande wowote. Ni kweli wapo watoto wanaochelewa kisha wakawafikia wenzao bila msaada. Ni kweli pia uchunguzi unagharimu muda, foleni, na maneno ya ndugu. Na si kweli kwamba akifika miaka mitano mlango unafungwa. Watu wanaosema hivyo wanatisha wazazi bure, ubongo huendelea kujifunza. Sababu yangu ya kusema nenda sasa ni nyingine. Mtoto asiyeeleweka hakai akingoja. Anajifunza kwamba kupiga kelele ndiko kunakosikilizwa, na watu wazima wanajifunza kumwita mtukutu, na mambo hayo mawili yanakua pamoja naye. Ukienda ukaambiwa si usonji, umepoteza siku kadhaa. Ukiambiwa "hatuna hakika, rudini baada ya miezi sita", hilo nalo ni jibu halali. Ukiambiwa ndio, mtoto utakayerudi naye nyumbani ni yule yule uliyekwenda naye, na nani aambiwe ni uamuzi wenu wawili.

Dawa ya kuondoa usonji haipo. Anayekuuzia, awe na maji ya kusafishia mwili au sindano za kutoa madini, anauza hatari. Mwaka 2005 mtoto mmoja nchini Marekani alifariki akiwa katika matibabu ya kutolewa madini mwilini. Kinachosaidia ni kazi ya kila siku ya mawasiliano, na sehemu kubwa yake hufanywa na mzazi. Jaribio moja la Uingereza, matokeo yake ya kwanza yakitoka mwaka 2010, liliwachukua watoto 152 wa umri wa chekechea na kuwafundisha wazazi wao kwa kuwaonesha video zao wenyewe wakicheza na mtoto: hapa alikutazama ukapitwa, hapa ulisubiri akasema. Mwanzoni faida kubwa ilionekana katika namna mzazi na mtoto walivyowasiliana, na kidogo tu katika dalili. Walipofuatiliwa karibu miaka sita baadaye, bado walikuwa na nafuu ya kiasi kuliko wenzao. Hakukuwa na muujiza, na mimi naipenda tafiti hiyo kwa sababu haikudai muujiza.

Mume wako usimburute na neno analoliogopa. Mwombe aje kwenye kipimo cha masikio. Baba wengi hukubali kupima sikio kabla ya kukubali kupima "akili". Na mama mkwe usibishane naye. Keti naye, mwombe akusimulie utoto wa mwanawe: alianza kusema lini, alicheza na nani, nini kilimliza. Andika. Mtaalamu atalihitaji simulizi hilo, naye bibi atajiona ameshirikishwa badala ya kupingwa.

Yapo mambo yasiyongoja miadi. Akianza kupoteza maneno au ujuzi aliokuwa nao, mpeleke ndani ya siku chache, kwa sababu kupoteza lugha katika umri huu si jambo la kawaida, na ipo aina ya kifafa inayonyang'anya watoto lugha, aghalabu kati ya miaka 3 na 7. Kadhalika akiwa na nyakati za kuduwaa ambazo hata ukimgusa hazinduki, akijipigiza kichwa hadi kujiumiza, au akipunguza vyakula mpaka uzito unashuka. Akishikwa na degedege, nenda siku hiyo hiyo.

Mengine yanaweza kusubiri tarehe mtakayopewa, nawe usisubiri mikono mitupu. Chukua simu, urekodi vipande vitatu vya dakika mbili mbili: akicheza, akila, na ukimwita jina kutoka nyuma yake mara moja tu, bila kurudia. Kisha kesho akiwa na vifuniko vyake kaa chini mbele yake, si pembeni, uso wako uwe usawa wa wake. Usiulize "hii rangi gani". Chukua kifuniko kimoja, kiweke mwisho wa mstari, sema "kimoja," unyamaze, uhesabu moyoni hadi kumi. Angalia macho yake yanakwenda wapi: kwenye kifuniko, kwenye mkono wako, au usoni mwako. Andika hilo kwenye karatasi moja na simulizi la bibi yake, uende nayo.